Tusihesabu Vikombe Pekee: Juu ya Thamani ya Mazoezi

(Mada iliyotolewa na padre katika semina ya siku moja kwa Halmashauri ya Walei, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, wanakwaya na wajumbe wa Kamati ya Haki na Amani ya parokia)

UTANGULIZI



Nawashukuru kwa kuitikia mwito wa semina hii, hasa ninyi mliotoka vigango vya mbali na kufika hapa huku umande haujakauka. Mwenyekiti aliponiletea barua ya kunialika, mada iliyoandikwa ilikuwa juu ya namna ya kufikia malengo. Nimemwomba ruhusa niigeuze kidogo, naye kwa ukarimu wake amekubali. Nimeona kwamba katika parokia yetu hatuna upungufu wa malengo. Tunayo mengi, yameandikwa kwenye daftari na kubandikwa ukutani. Kinachotupungukia ni uvumilivu wa kupenda ile kazi ya kila siku iliyoko kati ya siku tunapoandika lengo na siku tunapolifikia, au tunapolikosa.

Kwa hiyo nataka tuzungumze juu ya mazoezi: yale ya kwaya na ya uwanjani, na hata yale ya kutenda haki. Swali langu ni hili: je, mazoezi ni gharama tu tunayolipa ili tupate kikombe, au yenyewe ni sehemu ya mali tunayoitafuta?

1. KWAYA YETU NA KIKOMBE TULICHOKIKOSA

Nianze nyumbani, maana mwenye kuhubiri juu ya vumbi hana budi kwanza kufagia uani kwake.

Wote mnakumbuka kwamba mwaka juzi kwaya yetu ilijiandaa kwa mashindano ya kwaya. Kwa muda wa miezi saba wanakwaya 46 walikutana mara tatu kwa juma. Waumini walichanga fedha za sare na nauli. Siku ya mashindano waliimba vizuri, lakini walishika nafasi ya nne, na kikombe kikaenda kwa wenzetu. Alhamisi iliyofuata nilipita kanisani jioni, nikakuta wanakwaya 11. Wale wengine 35 hawakuwa wagonjwa wala hawakusafiri. Walikuwa wamemaliza. Lengo lilikuwa limepita, na pamoja nalo sababu ya kuja.

Hilo peke yake lingetosha kutusikitisha, lakini liko jingine ambalo linanihusu mimi mwenyewe. Mwezi mmoja kabla ya mashindano, viongozi wa kwaya walinijia wakasema kwamba kuna mama mmoja wa sauti ya pili ambaye sauti yake sasa inatetemeka kwa ajili ya umri, na kwamba majaji wataisikia. Waliomba apumzishwe. Mama huyo ameimba katika kwaya hii kwa miaka 22. Nilikubali. Nilijiambia kwamba ni kwa faida ya parokia nzima. Yeye alipoambiwa hakulalamika. Alisema tu, "Sawa, Baba Padre," akarudisha sare ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi.

Nawaambieni, ndugu zangu, katika wale 11 niliowakuta Alhamisi ile, mmoja alikuwa ni yeye. Nikaja kufahamu kwamba hakuwahi kukosa hata jioni moja. Muda wote ule wenzake walipokuwa wakijiandaa kwa safari ambayo yeye hakuwamo, alikuwa akikaa benchi la nyuma na kufuata sauti ya pili polepole. Nilipomwuliza kwa nini aliendelea kuja, aliniangalia kama mtu anayeulizwa kwa nini anakula. Akanijibu, "Padre, mimi huja kuimba. Safari ni ya wenye safari."

Nimeyatafakari maneno hayo kwa muda mrefu kuliko vitabu vingi nilivyosoma seminarini.

2. MWANARIADHA ALIYEIKOSA SIKU YAKE

Historia ya nchi yetu inao mfano ambao vijana wengi wa leo hawaujui, ingawa wazee waliusikia redioni.

Filbert Bayi alizaliwa Karatu mwaka 1953. Tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Christchurch, New Zealand, alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akavunja rekodi ya dunia. Hakukimbia kwa kujificha nyuma ya wenzake na kuwavizia mwishoni, kama wengi walivyozoea. Alitoka mbele tangu mwanzo na akabaki mbele hadi mwisho. Aliyekuwa akimfukuza siku ile, John Walker wa New Zealand, alikuwa wa pili, naye pia alikimbia chini ya rekodi ya zamani. Mwaka uliofuata Bayi alivunja rekodi ya dunia ya maili moja, na miezi michache baadaye Walker akaivunja hiyo ya Bayi. Ulimwengu mzima wa riadha ukaanza kuhesabu siku: wawili hawa wangekutana Montreal, Kanada, katika Olimpiki ya mwaka 1976.

Hawakukutana. Mwaka ule timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini, nchi iliyokuwa bado chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi, na hayo yalitokea katika majira yale yale ambapo watoto wa shule walipigwa risasi huko Soweto, mwezi Juni 1976. Nchi za Afrika zilidai New Zealand isishiriki Olimpiki. Dai hilo halikukubaliwa, na zaidi ya nchi 20, nyingi zikiwa za Afrika, zikasusia michezo hiyo. Tanzania ilikuwa miongoni mwao. Walker alikimbia Montreal bila Bayi na akatwaa medali ya dhahabu.

Hebu tumweke kijana yule mbele ya macho yetu. Ana umri wa miaka 23. Miaka yake yote ya mazoezi, kupanda na kushuka vilima alfajiri, ilielekea siku moja. Siku hiyo ikaondolewa kwa sababu ya haki ya watu wengine ambao hakuwahi kuwaona. Sisemi kwamba haikuuma. Iliuma, na haitupasi kuligeuza jeraha la mtu kuwa pambo la hotuba. Lakini nauliza: je, miaka ile ilipotea?

Kama thamani ya mazoezi yote imo ndani ya medali, basi jibu ni ndiyo, ilipotea yote. Lakini tazameni kilichofuata. Bayi aliendelea na mazoezi. Mwaka 1978, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton, alipata medali ya fedha katika mita 1500. Mwaka 1980 huko Moscow, katika mbio nyingine kabisa, zile za mita 3000 za kuruka viunzi na maji, alipata tena medali ya fedha. Yeye na Suleiman Nyambui, aliyepata fedha katika mita 5000 kwenye michezo hiyo hiyo, ndio walioipatia Tanzania medali zake za kwanza za Olimpiki. Siku ya Montreal iliweza kuondolewa, lakini mapafu, miguu na moyo uliojengwa kwa ajili ya siku hiyo havikuweza kuondolewa. Hivyo vilikuwa vyake.

3. YULE WA MBULU

Katika nyanda zile zile za kaskazini alitoka mwingine ambaye mnamfahamu zaidi: John Stephen Akhwari wa Mbulu. Tarehe 20 Oktoba 1968 alikimbia marathoni katika Olimpiki ya Mexico City, mji ulio juu ya mita 2200 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa ni nyembamba. Njiani alianguka akaumia vibaya gotini. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alimaliza kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bendeji, zaidi ya saa nzima baadaye, wakati watu wengi walikwisha kwenda zao. Walioanza mbio walikuwa 75, waliomaliza 57, naye alikuwa wa 57.

Huwa tunaisimulia habari hii tukiishia hapo, kana kwamba maisha ya mtu yule yalikuwa jioni moja tu. Lakini kuna jambo ambalo husahauliwa. Miaka miwili baadaye, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1970 huko Edinburgh, Akhwari alikimbia tena marathoni, akawa wa tano. Maana yake ni kwamba baada ya Mexico alirudi nyumbani, akaliuguza goti lake, na asubuhi moja ambayo hakuna mwandishi wa habari aliyeiona, akaanza tena kukimbia. Mimi naithamini asubuhi ile kuliko ile jioni. Jioni ya Mexico ilionwa na ulimwengu. Asubuhi ya Mbulu haikuwa na shahidi, wala kikombe, wala ahadi ya kikombe.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Sisi hupenda kusimama ufukoni kushangilia jahazi linapoingia majini, lakini tunasahau miezi ya fundi aliyeinama juu ya mbao, akizipima na kuzichonga ubao mmoja baada ya mwingine.

4. MAZOEZI HUMTENGENEZA MTU

Wanafalsafa wa zamani walilitazama jambo hili kwa makini. Aristotle, katika kitabu cha pili cha Maadili aliyoyaandika zaidi ya miaka 2300 iliyopita, anafundisha kwamba mtu huwa mjenzi kwa kujenga na mpiga kinubi kwa kupiga kinubi. Vivyo hivyo, mtu huwa mwenye haki kwa kutenda matendo ya haki, na shujaa kwa kutenda ya kishujaa. Mtakatifu Toma wa Akwino alilichukua fundisho hilo na kulikuza: fadhila ni mazoea mema yaliyoota mizizi ndani ya mtu kwa kurudiwa-rudiwa, hata kutenda mema kukawa kwake jambo jepesi na la furaha.

Maana yake ni kubwa. Kama ni kweli kwamba tunakuwa kile tunachokifanya kila siku, basi mazoezi hayako nje ya tuzo kama vile ngazi ilivyo nje ya dari. Huwezi kuyatupa ukishapanda, kwa kuwa yanabaki ndani yako. Ndiyo wewe.

Lakini si kila kurudia ni mazoezi. Mwaka 1993 mtaalamu wa saikolojia Anders Ericsson na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya wanafunzi wapiga fidla katika chuo cha muziki mjini Berlin. Waliona kwamba wale waliokuwa bora tangu utoto wao walikuwa wametumia saa nyingi zaidi kufanya mazoezi peke yao. Aidha, mazoezi yaliyowasaidia hayakuwa yale ya kupiga tena na tena wimbo wanaoujua, bali yale ya kutafuta pale wanapokosea na kupashughulikia hapo hapo. Tena wapigaji hao hawakusema kwamba kazi hiyo ilikuwa tamu. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba kuyathamini mazoezi ni kuyaona matamu kila siku. Mkulima huithamini jembe lake hata siku mgongo unapouma.

Naomba nitoe ushuhuda wangu. Nilipokuwa seminari ndogo nilijifunza kinanda. Nilikuwa na lengo moja: kupiga kwenye Misa siku askofu atakapotutembelea. Nilikariri nyimbo tatu, kidole kwa kidole, bila kujifunza kusoma nota, kwa sababu kusoma nota kulichukua muda nami nilikuwa na haraka. Siku ile nilipiga, nikapongezwa, na tangu hapo sikukigusa tena kinanda. Mwenzangu mmoja, ambaye alikuwa mzito kuliko mimi na hakuchaguliwa kupiga siku ile, aliendelea kila jioni na ngazi zake za sauti, do hadi do, mpaka tukamcheka.

Miaka mingi baadaye, nikiwa padre kijana, tulimzika katekista mmoja mzee katika kigango cha mbali. Mpiga kinanda alikuwa mgonjwa. Familia ilitamani uimbwe wimbo ambao marehemu aliupenda. Watu wakanigeukia, kwani walikwisha kusikia kwamba padre anajua kinanda. Nilikaa, nikaweka vidole, na vidole havikuwa na neno la kusema. Nilikuwa nimelifikia lengo langu zamani sana, na sikuwa na kitu mkononi cha kumpa mzee yule. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Yule mwenzangu, kwa upande wake, hadi leo anapiga kila Jumapili.

5. LENGO LIKIWA BWANA, MNYONGE HUUMIA

Mtaniuliza: jambo hili linaihusuje Tume ya Haki na Amani? Nasema linaihusu sana, kwa sababu dhuluma nyingi huzaliwa pale ambapo lengo limekuwa kila kitu na njia imekuwa si kitu.

Mzazi anayenunua mtihani ulioibwa hamchukii mtoto wake. Anataka cheti tu, wala haoni kwamba anamnyang'anya mtoto kile kitu ambacho cheti kilikusudiwa kukishuhudia. Mwanariadha anayetumia dawa zilizokatazwa anataka ushindi bila ile miguu inayojengwa alfajiri. Mgombea anayegawa vitenge na sukari anataka kiti bila kazi ndefu ya kusikiliza watu. Wote hao wana malengo, na pengine yameandikwa vizuri kuliko yetu. Lakini anayedharau njia huanza kutafuta njia ya mkato, na njia ya mkato mara nyingi hupita juu ya shamba la mtu mwingine.

Ndivyo ilivyotupata sisi kwa yule mama. Hatukumwondoa kwa chuki. Tulimwondoa kwa ajili ya kikombe. Kwaya iliyokuwepo kwa ajili ya kuimba ilikuwa imegeuka kuwa kwaya kwa ajili ya kushinda, na katika kwaya ya kushinda, sauti inayotetemeka ni kikwazo. Nimekwisha kumwomba radhi faraghani. Leo namwomba radhi mbele yenu, kwa kuwa kosa lilitendeka hadharani.

6. JE, MALENGO HAYANA KAZI?

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba matokeo si kitu. Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho, watu waliozoea kuona michezo karibu na mji wao, aliwaambia wazi kwamba mkimbiaji hukimbia ili apate taji, wala hapigi hewa ovyo. Lakini angalieni kwamba hapo hapo anageuka na kusema juu ya kiasi, na juu ya kuutiisha mwili, yaani juu ya mazoezi. Lengo linatuonyesha upande wa kuelekea. Ni kama mlima unaoonekana kwa mbali: unakusaidia usipotee, lakini hutembei juu ya mlima ule leo, unatembea juu ya ardhi iliyo chini ya miguu yako.

Tena kuna hatari nyingine ambayo yatupasa kuitaja katika kamati kama yetu. Ninyi wajumbe wa Haki na Amani mnalo lile shauri la njia ya kwenda kisimani, iliyozibwa na uzio. Ni mwaka wa pili sasa. Mmefika kwa mwenyekiti wa kitongoji, mmefika kwenye kata, mmeahirishiwa, mmeandika tena. Akina mama bado wanazunguka na ndoo kichwani. Ingekuwa ni ukatili nikiwaambia akina mama hao kwamba matokeo si muhimu, muhimu ni mchakato. Anayebeba maji anahitaji njia, wala hahitaji falsafa. Maneno mazuri juu ya uvumilivu yasiwe kamwe mto wa kulalia wale wanaochelewesha haki.

Lakini kwenu wajumbe nina neno jingine. Mwezi uliopita mmoja wenu aliniambia, "Padre, tumeshindwa, bora tuvunje kamati." Nami nawauliza: miaka miwili iliyopita, nani miongoni mwenu aliyejua kuandika muhtasari wa kikao ambao pande zote mbili zinakubali kutia sahihi? Nani aliyeweza kusimama mbele ya baraza akasema jambo lake pasipo kumtukana mtu? Nani aliyekuwa tayari kumsikiliza mwenye uzio mpaka mwisho, akagundua kwamba naye ana hofu yake ya mifugo kumalizia mazao? Leo mnaweza. Mwezi wa tano, ndugu wawili walipogombania mpaka wa shamba, mliwapatanisha kwa siku tatu, na hakuna aliyewapigia makofi. Mliweza kwa sababu ya mazoezi mliyoyapata katika shauri lile mnaloliita la kushindwa. Mkivunja kamati leo, hata njia ikifunguliwa kesho, ugomvi wa kesho kutwa utawakuta bila watu.

Haki si kituo tunachofika tukashusha mizigo. Nchi inayopata uhuru, chama kinachoshinda uchaguzi, kijiji kinachofunguliwa njia yake, wote huamka asubuhi inayofuata na kukuta kwamba kutendeana haki kunawangoja kama ufagio nyuma ya mlango.

7. TUFANYE NINI?

Napendekeza mambo manne, madogo, ambayo hayahitaji michango.

Kwanza, kwaya ifanye mazoezi kila Alhamisi, iwepo sikukuu au isiwepo. Nusu saa ya kwanza iwe ya kujifunza kusoma nota, na kila mara wachague ubeti mmoja tu wanaoukosea, waushughulikie huo mpaka unyooke. Na asiondolewe mtu kwa sababu ya udhaifu wake. Mwenye sauti dhaifu akae karibu na mwenye sauti imara.

Pili, kila kamati inapotoa taarifa, isitaje tu yaliyofanikiwa na yaliyoshindikana. Itaje pia: tumejifunza kufanya nini ambacho hatukukiweza mwaka jana?

Tatu, wazazi wanapopokea ripoti ya shule, kabla ya kuuliza mtoto amekuwa wa ngapi, wamwombe aoneshe daftari lake la mazoezi. Watazame kwa pamoja alipokosea na jinsi alivyosahihisha. Mtoto atafahamu upesi ni kitu gani wazazi wake wanakiheshimu.

Nne, kila mmoja wetu achague zoezi moja dogo la haki, alifanye kila siku kwa muda wa mwezi mmoja: kumlipa kibarua jioni ile ile, kurudisha chenji iliyozidi, kumwacha mwenzake amalize kusema kabla ya kumjibu. Yanaonekana mepesi. Jaribuni siku tatu mfululizo, mtanieleza.

HITIMISHO

Ndugu zangu, vikombe ni vizuri. Siku tutakapopata kimoja tutakipeleka altareni kwa vigelegele, nami nitakuwa wa kwanza kucheza. Lakini kikombe hukaa kabatini, nacho baada ya miaka michache hakuna anayekumbuka kilikuwa cha nini. Rekodi ni mgeni: Eliud Kipchoge alikimbia marathoni ya Berlin mwaka 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9, na mwaka mmoja baadaye Kelvin Kiptum aliivunja rekodi hiyo huko Chicago. Kinachobaki ni mtu mwenyewe, jinsi alivyochongwa na yale aliyokubali kuyafanya kila siku.

Kinanda nimeanza tena. Nina umri wa miaka zaidi ya arobaini, vidole vimekuwa vigumu, na mwalimu wangu ni kijana wa kidato cha tatu asiyenionea huruma. Sina wimbo ninaouandaa wala siku ninayoingojea. Kila Jumatano jioni nafanya ngazi za sauti, do hadi do. Mkipita karibu na kanisa mkasikia mtu anakosea mahali pale pale, msishangae. Ni paroko wenu, yuko mazoezini.

Na yule mama amerudi katika safu ya sauti ya pili. Sare yake tulimrudishia.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Katika jumuiya yetu, ni kazi gani tuliyoiacha mara tu baada ya kulifikia lengo au kulikosa? Kwa nini?

2. Je, yuko mtu tuliyemsogeza pembeni ili tufanikiwe upesi? Tutamrudishaje?

3. Ni wapi ambapo tunatumia neno "uvumilivu" kuwanyamazisha wanaodai haki yao?

4. Kila mwanajumuiya ataje zoezi moja dogo la haki atakalolifanya kwa mwezi mmoja. Mwezi ujao tuulizane, kwa upendo, limekwendaje.